Tundu Kukubali Si Ruhusa

Nyumbani kwangu kuna mfuko wa rambo ulionusurika na marufuku. Juni 1, 2019, serikali ilipoikataza mifuko ya plastiki, watu walihamia kwenye vikapu na mifuko ya nguo, lakini huu wangu haukuguswa kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuunyanyua. Umejaa adapta. Kuna ya king'amuzi kilichokufa, kuna ya ruta, kuna ya redio ya marehemu baba mkwe, kuna ya kinanda cha mtoto ambacho sikumbuki kama tuliwahi kukinunua, na kuna nyingine ambazo ukiuliza zimefikaje hapa kila mtu anamtazama mwenzake. Nyaya zimeshikana. Ukivuta moja, unatoka na ukoo mzima.

Wingi wa adapta si tatizo. Tatizo ni kwamba karibu zote zina ncha ileile: kijiti cha mviringo, chuma kwa nje, shimo katikati, kipenyo milimita 5.5. Na katika nyumba hii, kama katika nyumba nyingi ninazozijua, sheria ya umeme ni moja tu: kinachoingia ndicho chake. Adapta ikizama kwenye tundu bila kulazimishwa, basi wameoana. Hakuna anayesoma maandishi yaliyoko mgongoni. Ni kweli yameandikwa kwa herufi za kuhitaji miwani na tochi, lakini hata yangebandikwa ukutani kwa rangi nyekundu sioni nani humu ndani angeyasoma.

Ndivyo ilivyouawa gemu yangu ya kaseti.

Najua mtasema mzee huyu na gemu wapi na wapi. Mniache. Ile ni mashine ya ujana wangu, mojawapo ya zile nakala zisizo na baba zilizozagaa mitaani kwetu miaka mingi baada ya Nintendo kuitoa Family Computer huko Japani, Julai 15, 1983. Mhandisi Masayuki Uemura na wenzake walikesha kuisanifu. Sisi tukaletewa mdogo wake wa nje ya ndoa, plastiki nyepesi, swichi inayokwama, na kaseti ya njano iliyoandikwa kwamba ndani yake mna michezo 9999. Niliwahi kuikagua. Michezo yenyewe ni ya kuhesabika kwa vidole, iliyobaki ni ileile imebadilishwa majina: Mario anayeanzia hatua ya tatu, Mario anayeruka mpaka anatoka kwenye kioo, vifaru vilevile lakini matofali yamepakwa rangi nyingine. Utapeli ule tuliupenda. Kulikuwa na bunduki ya kupigia bata pia, ambayo siku hizi haifai hata kumtishia paka. Ilitengenezwa kuvizia mwanga wa TV ya chogo jinsi picha inavyochorwa mstari kwa mstari, kwa hiyo mbele ya TV bapa bata wanakatiza kwa raha zao na bunduki haiwaoni.

Basi asubuhi moja nikabonyeza swichi, taa nyekundu haikuwaka.

Kabla sijainua hata kifuniko, majibu yalikuwa yameshatoka. Shemeji, ambaye alikuwa kwenye kochi na sahani ya chapati mapajani na hakuwa ameigusa mashine, alisema: "Hiyo IC imeungua, shemeji. Hapo hakuna kitu tena." Jirani, aliyekuja kuazima koleo, akaongeza kwamba umeme wa mtaa huu hauaminiki, bodi nzima itakuwa imeliwa, na kwamba kwa pesa nitakayoitumia hapo bora nijikusanye ninunue PS. Sijui kwa nini watu wetu hawapendi ubovu mdogo. Hakuna aliyesema labda waya umekatika. Hakuna aliyesema labda soketi. Ubovu mdogo hauna heshima. Mtu akitabiri swichi hawezi kutikisa kichwa kwa masikitiko.

Mpwa wangu yeye alikuja na dawa. "Mjomba, ipulize kaseti."

Kupuliza kaseti ni dini ya kizazi chetu na tumeirithisha kwa watoto bila kuwaeleza maana yake. Nintendo wenyewe waliwahi kuwaonya wateja wao wasipulize, kwa sababu unyevu wa mdomo unaozesha zile pini. Kilichokuwa kinasaidia ni ule mchomoko na mchomeko, si pumzi. Lakini tuseme pumzi ni dawa: kaseti inahusika pale taa inapowaka na picha isije. Taa ikiwa imezima, hata upulize mpaka uone nyota, unaipulizia mashine ambayo haijaamka. Nilimweleza. Akapuliza.

Mimi nina mita. Ni ile ndogo ya njano yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, ambayo huuzwa Kariakoo kwa bei ya kawaida kabisa, na bado katika ukoo wetu naonekana kama mtu anayemiliki kifaru. Nikaanzia ukutani. Pasi iliwaka kwenye soketi ileile, kwa hiyo volti 230 za shirika zilikuwepo, jambo ambalo nakiri lilinishangaza. Nikaitafuta adapta halali ya gemu, si kwenye mfuko, kwa maana ile niliiandikia jina kwa kalamu ya wino mzito na kuipa msumari wake nyuma ya kabati. Haikuwepo kwenye msumari. Ilikutwa chini ya kochi, chini ya shemeji.

Hii ni adapta ya kizamani, ya transfoma, nzito kiasi kwamba ikichomekwa soketi inainama. Mgongoni imeandikwa volti 9, miliampia 500. Nikaipima ikiwa peke yake: mita ikasoma 13 na ushee.

"Si unaona!" shemeji akaruka, chapati nusura ianguke. "Imezidisha! Ndiyo iliyounguza."

Haijazidisha kitu. Adapta za namna ile hazina adabu zikiwa hazina mzigo. Zinatoa 12, 13, hata 14, na ukizipa kazi ya kufanya zinatulia zinarudi kwenye kilichoandikwa. Kipimo cha adapta isiyobeba mzigo hakikwambii mengi. Kwa hiyo nikafungua skrubu za chini, nikaitoa bodi, nikachomeka adapta mahali pake na kuweka ncha za mita kwenye miguu ya tundu. Swichi ikiwa imezimwa: 13. Nikawasha. Mita ikaporomoka mpaka karibu na sifuri, na adapta ikaanza kunguruma kwa sauti ya chini. Nikazima. 13 ikarudi.

Hapo, kwa mtu asiye na haraka ya kusema IC imeungua, mashine ilikuwa imeshajieleza. Adapta nzima. Tundu linapitisha. Swichi inapitisha. Baada ya swichi kuna kitu kimekaa njiani kinakunywa umeme wote na kuurudisha ardhini. Na baada ya swichi, kwenye bodi ile maskini, hakuna vitu vingi vya kushuku. Kuna kapasita moja nene ya kutuliza mawimbi, na kuna regyuleta, kidude cheusi chenye miguu mitatu na mgongo wa chuma, namba yake 7805. Umeme unaingia mguu wa kushoto, wa katikati ni ardhi, na wa kulia unatoka volti 5 kamili, ambazo ndizo chakula cha lile doa jeusi la gundi linalofunika akili yote ya mashine. Doa lile halifunguki wala halitengenezeki. Ndiyo maana kila mtu anapenda kulisingizia.

Lakini kabla sijaendelea na 7805, nilipogeuza bodi nilikutana na historia ya familia.

Pale miguu ya tundu la adapta ilipochomelewa, risasi ilikuwa imepasuka, kila mguu umezungukwa na kipete chembamba cheusi. Ukitekenya tundu, mguu unacheza ndani ya kipete. Hiyo ndiyo siri ya cheo kilichodumu nyumbani kwetu miaka na miaka: mshika waya. Mara nyingi gemu ilikuwa haiwaki mpaka mtu aushike waya wa adapta, aupinde kidogo kuelekea dirishani, na abaki hivyo. Kazi hiyo alipewa mdogo kuliko wote. Alipokua akaikabidhi kwa anayemfuata, na maelekezo yake kamili: usipumue sana, usicheke Mario akifa, ukijikuna tutakupiga. Watoto wangu wawili wameshika waya ule utoto wao wote bila kucheza hata mara moja, na mmoja wao leo ni mtu mzima anayekaa kwenye daladala akiwa ameinamisha bega la kulia. Dawa ilikuwa tone la risasi. Tone moja kila mguu.

Halafu kuna suala la joto, na hapa nitamgusa mama watoto, kwa heshima zote.

7805 haipunguzi volti kwa miujiza. Inapokea 9, inatoa 5, na zile 4 zilizobaki inazigeuza joto. Mashine ikila nusu ampia, hizo ni wati 2 za moto mtupu ndani ya kidude kisichozidi ukucha wa dole gumba. Ndiyo maana hufungwa kwa skrubu kwenye kipande cha bati, bati libebe joto. Kwenye gemu yangu bati lilikuwepo. Skrubu haikuwepo. Aliyeitoa alitoa ili akakazie nini, hilo nimeshaacha kuuliza. Na juu ya mashine, kila siku iendayo kwa Mungu, kulikuwa na kitambaa cha kudarizi chenye maua ya waridi, kwa ajili ya vumbi, kwa sababu katika sebule yetu kila chenye mgongo bapa kinavishwa: TV, redio, friji, na mimi ningekuwa bapa ningevishwa.

Ongeza na hili. Michezo ile haihifadhi ulikofikia. Ukizima, unaanza upya kama hujawahi kuzaliwa. Kwa hiyo watoto wakifika mbali usiku wanabonyeza kitufe cha kusimamisha, wanazima TV, wanafunika mashine na maua yake, wanalala. Mashine inabaki inachemka kimyakimya mpaka asubuhi. Watu walikuwa wakilalamika kwamba ikichezwa muda inazimika yenyewe, ukiiacha ipumzike inarudi, na jirani akasema ina jini. Haina jini. Regyuleta ya namna hiyo imetengenezwa ikipata joto kupita kiasi ijifungie yenyewe, ikipoa ifungue. Katika nyumba nzima, kidude kile ndicho pekee kilichokuwa na akili ya kujua kimechoka.

Joto hata hivyo lilikuwa linaitesa tu. Aliyeiua ni mwingine. Nikakagua kapasita: kichwa chake, ambacho kinatakiwa kiwe bapa, kilikuwa kimevimba, na ilikuwa ikitoa ile harufu ya samaki aliyelala. Kapasita ya hivi haivimbi kwa joto la usiku mmoja. Nikageuka kumtazama mpwa wangu, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameacha kupuliza kaseti na anaangalia dari.

"Jana usiku mlitumia adapta gani?"

"Ile nyingine, Mjomba."

"Nyingine ipi?"

"Ya ruta. Iliingia vizuri tu."

Iliingia vizuri tu! Naomba msomaji mwenye adapta karibu aigeuze mgongo. Karibu na zile volti kuna kamchoro: nukta katikati, imezungukwa na nusu duara, na kila moja imevutiwa mstari hadi kwenye alama, moja ya kujumlisha na nyingine ya kutoa. Kamchoro kale kanakwambia chanya iko katikati ya ncha au iko nje. Adapta za ruta, ving'amuzi na takataka nyingine nyingi za siku hizi zina chanya katikati. Family Computer ilikuwa na hasi katikati, na nakala zake, pamoja na yangu, zikafuata mila ya mzee. Kwa hiyo kijana aliingiza volti 12 badala ya 9, na akaziingiza kinyumenyume. Kapasita ikavimba, 7805 ikajitoa mhanga mbele ya doa jeusi, na ruta nayo usiku kucha ikawa haina umeme, jambo ambalo lilileta kelele kubwa zaidi asubuhi kuliko kifo cha gemu.

Kupima ninaweza, chuma cha kuchomelea risasi sina. Nikaenda kwa fundi, kile kibanda cha karibu na kituo cha daladala kinachotengeneza simu, redio, chaja, na kuuza vocha na maji ya kunywa. Nikamwambia: fundi, nataka 7805 mpya, kapasita ya mikrofaradi 1000 ya volti 25, na unichomelee upya miguu ya tundu. Akaitazama bodi, akanitazama mimi. Mafundi hawapendi mteja anayekuja na majibu.

"Mzee, hii IC imeungua."

"Hujapima."

"Naijua kwa macho."

Nikamwomba apime. Akatoa mita yake, akaichomeka adapta yangu ukutani, akasoma. Akasema inatoa 19, adapta ndiyo mbovu na IC imeenda nayo. Ile adapta niliyoipima nyumbani 13! Nikasogea kuangalia kioo. Pembeni ya tarakimu kulikuwa na kapicha kadogo ka betri. Mita ya namna ile betri yake ikiishiwa haikwambii kwa upole. Inaanza kusoma juu, inakupa namba kubwa kubwa. Mtu huyu alikuwa anahukumu umeme wa mtaa mzima kwa mita yenye njaa. Nikauliza betri aliibadilisha lini. Akasema mita haitumii betri.

Nikamwomba aing'oe 7805, tusibishane. Akaing'oa. Nikaweka mita yangu kati ya njia ya volti 5 na ardhi, adapta ikiwa imechomolewa: omu mia kadhaa, siyo sifuri. Njia ya kwenda kwenye doa jeusi haikuwa imegusana. Nikapima kile kidude kilichong'olewa, mguu wa kuingilia na wa katikati: sifuri tupu. Fundi akakipokea, akakigeuza, akasema "eeh" kwa sauti ya mtu anayekubali kwa gharama.

Akafungua kopo la maziwa ya unga lililojaa vipuri vilivyotolewa kwenye redio zilizokufa, akachambua, akaibuka na kidude cheusi chenye miguu mitatu, akaanza kukiweka kwenye matundu. Kikaingia vizuri tu. Nikavaa miwani. 7812.

"Fundi, hii ni ya volti 12."

"Zote ni kitu kimoja, mzee. Miguu mitatu."

Nilisimama pale kidogo nikivuta pumzi. Kidude kile kilikuwa kinaenda kufungua mlango ambao wenzake waliufunga kwa uhai wao: kikilishwa zile 9 hakitazichuja zifike 5, kitaziachia nyingi zipite, na doa jeusi linalokula 5 lingekufa kweli, na shemeji angesema si nilisema. 7805, 7809, 7812, zote sura moja, miguu mitatu, mgongo wa chuma, tundu moja kwenye bodi. Nikamwomba atafute yenye namba sahihi. Akachambua kopo huku akiguna, akaipata, akaipangusa kwa kidole, akaniinulia niisome mwenyewe. Akachomelea. Kazi ya mikono, lazima niseme, ilikuwa safi. Risasi iling'aa, hakuna njia ya shaba iliyobanduka, na zile bodi za kahawia ukizichoma sana shaba inaamka kama ganda. Skrubu ya bati nikampa mimi, niliitoa kwenye kinanda. Bei ya 7805 haikufika bei ya soda. Bei ya ufundi ilifika bei ya kreti, kwa sababu, alieleza, nilimsumbua.

Jioni nikaiwasha. Taa nyekundu. Nikapima mguu wa kulia: 5.02. Hakuna aliyeshika waya. Shemeji akasema afadhali, alijua tu ni kitu kidogo.

Adapta ya gemu nikairudisha kwenye msumari wake, na kitambaa cha waridi nikakiondoa, nikakikunja, nikakiweka juu ya friji.

"Kitambaa changu kimetolewa na nani?" mama watoto akauliza.

"Na mimi. Mashine inahitaji hewa."

"Na vumbi?"

"Vumbi haliui regyuleta, mama watoto."

"Linaua sebule."

Tukajadiliana kwa kirefu, nikatoa hoja ya wati 2, akatoa hoja ya wageni wa Jumapili, na mwisho tukakubaliana kitambaa kiwekwe mashine ikiwa imezimwa tu. Makubaliano hayo yalidumu mpaka usiku uleule, mpwa wangu alipofika dunia ya nane ya Mario, akabonyeza kitufe cha kusimamisha, akaifunika vizuri pande zote nne, akaenda kulala.